Mwalimu na Mashine ya Pembeni

Kabla hujaonyeshwa hata pa kuwashia kompyuta, Mwalimu alikupa bisibisi. Hakukuuliza kama umewahi kuishika. Aliweka mashine mezani mbele yako, akavuta kiti chake nyuma kidogo, akasema, "Fungua." Ukisita alikungoja. Ukilalamika kwamba ulikuja kujifunza kupiga chapa kwa kompyuta na si ufundi, alikungoja vilevile, na usoni hakuonyesha lolote.

Mimi nililalamika. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini Embu, mwanamke mzima mwenye familia, na nilikuwa nimekuja kwa hofu tu, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa taipureta zote zitaondolewa. Nilivunja ukucha kwenye skrubu. Kifuniko kilipotoka niliona vumbi la unga limejaa humo ndani, maana chumba chetu kilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, mtaa wa Majimbo, na kinu kikianza kuzunguka hata chaki ilicheza ubaoni. Mwalimu akanipa pampu ya baiskeli.

"Puliza," akasema. "Sasa umeijua ndani. Hakuna mtu atakutisha na hii kitu tena."

Tangu siku hiyo aliniita Karani, nami nikamwita Mwalimu, na hata baadaye nilipoanza kufundisha pamoja naye katika chumba hichohicho hatukubadilisha. Alikuwa mtu wa Kanyakine, huko Imenti Kusini, aliyefundisha fizikia katika shule za Embu kwa miaka mingi, akastaafu mapema ili afungue darasa lake. Alivaa koti moja la kahawia lenye mifuko iliyolegea kwa uzito wa skrubu. Ukimsikia anakuja ulidhani ni mama anayeuza karanga za kukaanga kwenye mikebe.

Hakuweza kuona kitu kilichofungwa akakiacha. Alifungua redio ya jirani bila kuombwa. Alifungua kitasa cha mlango wa kanisa wakati wa mahubiri kwa sababu kilikuwa kikilia, na mchungaji akangoja akirudishe ndipo aendelee. Ukimletea kifaa kipya, mkebe wa rangi au dawa ya mende, maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Nionyeshe ndani."

Ndiyo maana, kompyuta kuukuu zilipotoka kwa marafiki wa kanisa fulani ng'ambo, alizifuta zote akaweka Linux. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kulisikia jina hilo. Alitueleza kwamba ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioandikwa na watu wengi waliotapakaa duniani, na kwamba kila mstari wake uko wazi: unaweza kuusoma, kuurekebisha na kumpa jirani. Alitusomea baadhi ya mistari hiyo kwa sauti, kama anayesoma somo kanisani, nasi tukaitikia kwa adabu bila kuelewa kitu.

Alikuwa na kisa kimoja alichokirudia mpaka wanafunzi wakawa wanakimalizia wenyewe. Kwao Kanyakine waliwahi kuchimba mtaro wa maji, kila boma kipande chake, kutoka juu msituni hadi mashambani. Bomba likalazwa. Mahali pa kufungulia maji pakajengewa kisanduku cha simiti, na mbele ya watu wote mwenyekiti wa mradi akakabidhiwa kufuli na ufunguo wake. Siku moja mwenyekiti akaenda kumtembelea mwanawe Mombasa. Huku nyuma koki ikakwama. Maji yako bombani, watu wako juu ya bomba, na wanawake wanapita hapo na mitungi wakienda mtoni. Hakuna aliyevunja kufuli, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amepewa mbele ya watu.

"Tulichimba sisi," Mwalimu alimalizia. "Bomba ni yetu, maji ni yetu. Na tunachota mtoni."

Sasa huyohuyo mtu alikuwa akifunga sukari.

Sisemi kwa mzaha. Katika kona ya darasa palikuwa na kabati dogo la mbao, ndani yake mkebe wa sukari ya chai ya saa nne, na ufunguo wake ulining'inia kwenye mshipi wa Mwalimu. Kila siku alisimama, akafungua, akamtilia kila mtu kwa mkono wake kiasi alichoona kinamfaa, akafunga. Ukiomba kuongezewa alikuambia kwamba meno ni yako lakini sukari ni ya darasa. Njeru, kijana aliyekuwa akifundisha naye, alipenda kumchokoza.

"Mwalimu, hii sukari mbona si open source, wazi kwa wote kama Linux yako?"

"Sukari haihitaji kurekebishwa," alijibu, na kukorogea kikombe chake. Ufunguo huo hakumpa mtu. Hata mkewe, Mama Kendi, akija darasani alingoja kutiliwa kama sisi.

Kuhusu Njeru nisimwonee. Alikuwa mwenyeji wa Embu, amesomea Nairobi, mwepesi wa mikono na wa maneno, na alimpenda Mwalimu kuliko alivyokubali. Yeye ndiye aliyekwenda kuwabembeleza wanafunzi waliotuhama. Maana walituhama. Chuo kingine kilifunguliwa mjini chenye mashine mpya zinazotumia mfumo wa kununua, na huko printa ilichapa siku uliyoichomeka. Kwetu Mwalimu aliweza kuihangaikia printa wiki nzima, akifurahi, huku vyeti vya watu vikingoja. Niliwahi kumkasirikia mpaka nikashindwa kula. Mtu ana mahojiano ya kazi Jumatatu, naye anaambiwa asubiri ielezwe kwa nini wino hautoki.

Lakini nimwelezee binti yake kwanza, kwa kuwa bila yeye haya mengine yote ni ubishi wa mashine tu.

Kendi alikuwa mtoto wao wa pekee, muuguzi. Mwalimu alitaka abaki afanye kazi katika hospitali ya karibu na nyumbani. Yeye akapata nafasi ng'ambo akaikubali, na akamweleza baba yake wakati tiketi iko tayari. Asubuhi ya kuondoka Mwalimu hakumwambia neno. Alisimama zizini, akamwambia ng'ombe wake, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Wewe utabaki. Wengine wana pa kwenda." Kendi alikuwa amesimama pale pale na sanduku lake.

Asiyetoka pande zetu anaweza kucheka. Lakini nyumba nyingi za huku zinaujua usemi huo. Mzee akikukasirikia hasira ndogo, anakugombeza. Akikukasirikia hasira kubwa, anaacha kukusemesha kabisa, anasema na ng'ombe, au mbwa, au mbuzi, na wewe unasikia. Unaweza kuishi hivyo mwezi mzima. Namna ya kuisha ni moja tu: siku atakapotamka jina lako. Mama Kendi alinihadithia asubuhi ile mara nyingi, na kila mara aliishia kusema kwamba mumewe alijuta kabla gari halijafika barabarani, ila alikuwa hajui mtu anarudishaje maneno aliyompa ng'ombe.

Kwa simu haikusaidia. Kendi akipiga kwa jirani, Mwalimu alishika simu kwa mikono miwili akapiga kelele, "Uko mzima? Haya, ongea na mama yako." Barua za posta za nyumba ile zilikuwa kazi ya mama siku zote, baba alituma salamu mwishoni. Kwa hiyo barua pepe zilipoanza kuzungumzwa Embu, Mama Kendi ndiye aliyekuja darasani, akakaa kwenye benchi, akauliza kama ni kweli mtu anaandika leo na mtoto anasoma leo.

"Ni kweli," Mwalimu alisema. Nilimwona akigeuka kwenda dirishani.

Ilihitajika modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu. Tulikuwa nayo moja, ilikuja ndani ya mashine ya msaada. Lakini ilikuwa ya zile za bei rahisi ambazo kazi kubwa zinaiachia programu. Kila kifaa cha kompyuta kina programu yake ndogo ya kukiongoza, kiendeshi, au driver kama Njeru alivyoiita, na bila hiyo modemu ni kipande cha bati. Kiendeshi cha modemu ile kwa Linux hakikuwepo. Mwalimu aliwaandikia watengenezaji akiomba waeleze tu jinsi inavyoongea, yeye na wenzake wa mbali wataandika wenyewe. Walimjibu kwa upole kwamba hayo ni siri ya biashara.

Halafu Njeru akarudi kutoka Nairobi na diski.

Nakumbuka ilikuwa saa ya chai, wanafunzi wote wako, na Mama Kendi yuko kwenye benchi lake. Njeru aliinua diski juu.

"Nimepata driver. Company yenyewe imetoa, ya Linux kabisa. Tunaweka leo, jioni Mama Kendi anasalimia mtoto."

Mwalimu akanyoosha mkono. "Nionyeshe ndani."

"Ndani hakuna. Imekuja kama imepikwa tayari. Inafanya kazi, lakini kuisoma huwezi."

"Basi sijaipata."

"Mwalimu, si ni modem tu?"

"Leo ni modem. Hii kitu inaingia kwa kiini cha mfumo, mahali pa moyo. Ikianguka, inaangusha zote. Na nikiuliza kwa nini, naambiwa ni siri."

Njeru akaketi kwenye ukingo wa meza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yaume. "Nikuulize. Hiyo modem yenyewe, ile chip nyeusi, wewe ulishaifungua ukaona ndani? Umeikubali tu. Sasa tofauti iko wapi?"

Kinu kilikuwa kikisaga, na vikombe vikitetemeka mezani.

"Chip ilinunuliwa mara moja, imekaa vile iko," Mwalimu alisema. "Hiyo diski imetengenezewa kiini cha leo. Kesho kiini kikiwa kipya, itakataa. Nitangoja mwenye company atake kunitengenezea ingine. Asipotaka, nabaki nyuma na mashine yangu. Hiyo ni kufuli, Njeru. Amepewa mtu mwingine, na amesafiri."

"Na ni watu wangapi hapa Embu wamesoma hata mstari mmoja wa hizo zako ziko wazi?"

"Mmoja."

"Anatosha?"

"Anatosha kuanza."

Wanafunzi walicheka. Ingeweza kuishia hapo, kila mtu arudi kwenye chai yake. Lakini Njeru akasema, kwa sauti ya chini, "Mama Kendi hajauliza kuhusu kufuli. Ameuliza kuhusu Kendi."

Mwalimu akasimama. Alivua kofia, nami sikujua maana ya hilo, mimi ni wa Embu. Akasema mbele yetu sote, pole pole, kwamba hawezi kumzuia mama asiandikie mtoto wake. Iwekwe kwenye mashine moja, ile ya pembeni, isiguse nyingine. Lakini yeye hataketi mbele ya mashine hiyo. Akarudia. "Sitaketi mbele yake. Nimesema mbele yenu." Kisha akavaa kofia.

Mama Kendi aliinamisha kichwa. Baadaye, tukiosha vikombe, alinieleza kwamba kwa ukoo wao mtu akivua kofia akasema neno mbele ya watu, neno hilo si lake tena, ni la waliosikia. Hawezi kulirudisha kimyakimya. Sharti achinje mbuzi, na waliosikia waje wale.

"Basi achinje," nikasema.

"Mumunya wako akikataa kitu, anachinja wiki hiyo hiyo?" akaniuliza. Alikiita hivyo, mumunya, kichwa cha mume yeyote.

Jioni hiyohiyo modemu ililia mlio wake wa kukwaruza, Mama Kendi akamwandikia mtoto, na jibu la kwanza la Kendi likaingia. Mama Kendi aliketi mbele ya mashine ya pembeni akiwa amevaa miwani. Mwalimu alitoka nje. Wanafunzi walikonyezana wakisema mzee anagoma. Na kila siku ya barua ilikuwa hivyo: modemu ikianza kulia, yeye huyo mlangoni, anaegemeza baiskeli yake chini ya dirisha na kuanza kuifuta.

Nilichukua muda kugundua kwamba hakukuwa na baiskeli safi kama ile katika Embu nzima. Alifuta spoki za gurudumu moja moja. Na dirisha lilikuwa wazi, na Mama Kendi, ambaye huwa anasoma kwa macho tu kama mtu yeyote, siku hizo alisoma kwa sauti kubwa, kwa Kimeru, akisimama kila baada ya sentensi. Kendi amehamia wodi ya watoto. Kendi ameona theluji, ni kama unga wa kinu. Kendi anauliza baba hajambo. Hapo kitambaa kilisimama kwenye mhimili.

Kisha Mwalimu aliijibu baiskeli. "Kule kuna baridi," aliiambia. "Mtu avae sweta ndani, si juu ya koti." Na Mama Kendi akaandika.

Nilimwambia mara moja kwamba angeweza kuandika kwenye mashine nyingine, tunakili kwenye diski, mama aitume tu. Alinitazama kama niliyemshauri aibe. "Hiyo ni ujanja ya wakili, Karani. Neno ni neno." Nikamwacha. Alikuwa mtu mzuri mwenye kichwa kigumu, na nyakati nyingine nilichoka kutafuta mahali uzuri unapoishia na ugumu unapoanzia.

Mnisamehe nikisema pia kwamba alikuwa na haki. Mfumo ulitoka mpya, tukazisogeza mashine zote mbele, na mambo mengi yakawa mepesi, printa ikiwemo. Ile ya pembeni haikuweza. Tulijaribu, modemu ikafa, tukairudisha kwenye kiini cha zamani. Watengenezaji waliulizwa, walikuwa wameacha kuuza modemu za aina hiyo, na diski nyingine haikutoka. Mwalimu hakushangilia. Alibandika karatasi juu yake: HII SIIJUI NDANI. Njeru aliisoma akasema, "Sawa, Mwalimu. Lakini bado inalia kila jioni." Na hilo nalo lilikuwa kweli. Hadi leo wakibishana vichwani mwangu simpi yeyote ushindi.

Ilipokaribia mwisho wa miaka ya tisini magoti yake yalikataa baiskeli. Darasa akatuachia mimi na Njeru, akarudi Kanyakine na Mama Kendi. Alikataa tumpe mashine nzuri. Alichukua ile ya pembeni, kwa sababu ndiyo iliyozoea waya wa simu, na nguzo za simu zilikuwa zikipita karibu na boma lake kwenda shuleni. Aliipakia yeye mwenyewe nyuma ya pikapu, akaketi kando yake, mkono mmoja juu yake njia nzima. Kabati la sukari pia alienda nalo.

Nilimtembelea Desemba ile ambayo kila mtu alikuwa akiuliza kama kompyuta zitakufa mwaka mpya ukiingia. Mama Kendi alikuwa ametoka hospitalini kufanyiwa operesheni ya jicho, na lile lingine halikuwa zuri. Nilimkuta sebuleni, bandeji usoni, mashine ya pembeni imewekwa karibu na dirisha. Nje ya dirisha, safu ya kwanza ya kahawa ilianza hapo hapo. Mwalimu alikuwa humo anakata matawi.

"Karani, Mungu amekuleta," Mama Kendi alisema baada ya salamu. "Kuna barua imekaa siku mingi. Mimi sioni, na huyu wa huko nje ndiyo huyo, haketi hapa. Nisomee. Soma kwa nguvu."

Nikaketi. Kimeru changu ni cha kuungaunga, lakini Kendi alikuwa amechanganya na Kiswahili, nikaweza. Nilianza kwa sauti ya darasani, nikisikia makasi ya Mwalimu yakikata nje. Kendi alisema ameongezewa mkataba. Alisema alikuwa amepanga kuja nyumbani Krismasi, likizo amepata, lakini ameamua asije.

Makasi yakasimama.

Niliendelea kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. "Mama, usiniandikie tena vile baba anaiambia baiskeli na vile anaiambia kahawa. Nilifikiri itaisha. Imekuwa zaidi ya mwaka, na barua zote ni hivyo, baba anaiambia kahawa nivae sweta, baba anaiambia kahawa nisitembee peke yangu. Hajataja jina langu hata mara moja. Nimekumbuka ile ng'ombe. Mimi nimeelewa, si mtoto. Sitaki kuja nikae kwa nyumba moja na mtu ananisemesha kupitia ng'ombe. Mwambie nimekubali, na simlaumu."

Mama Kendi aliweka mkono mdomoni. Alikuwa ameandika kwa uaminifu, neno kwa neno, kila alichosema mumewe na alichokuwa akikiambia. Aliona ni jambo la kuchekesha na alidhani mtoto anacheka pia. Hakuna hata mmoja wetu, tunaojua kabisa maana ya mzee kusema na ng'ombe, aliyefikiria huko ng'ambo inasomwaje. Moyo uliniuma, na hasira pia zilinipanda, kwa ajili ya yule msichana na theluji yake.

"Mama Kendi," sauti ya Mwalimu ilisema dirishani. "Soma tena hapo pa jina."

"Mimi sioni," mkewe akajibu. "Utaingia, ama utaiambia kahawa?"

Aliingia. Magunia ya kufutia miguu hakuyatazama, akaleta udongo hadi katikati ya sebule, makasi bado mkononi. Alikuwa amepungua tangu nimwone. Alisimama nyuma yangu akasoma mwenyewe kutoka kwenye skrini, midomo ikicheza, na karatasi yake ya HII SIIJUI NDANI ikiwa bado imebandikwa hapo juu, imegeuka manjano.

"Karani," akasema. "Siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo, Mwalimu."

"Na Njeru."

"Na Njeru."

"Mwambie aje Jumamosi. Kuna mbuzi pale nyuma." Akavua kofia, akaishika kifuani kidogo, kisha akaiweka juu ya mashine. "Niondokee hapo kwa kiti."

Nikaondoka. Akaketi.

Mtu aliyetufundisha sote kompyuta alikuwa akitafuta herufi kwa kidole kimoja. Sikutaka kusoma, lakini alikuwa akitamka kila neno alipoliandika, kama alivyozoea kutusomea mistari ya mfumo wake, na Mama Kendi aligeuzia sikio huko. "Kendi. Kendi wangu. Ni baba. Naandika mimi. Nilikukasirikia siku moja, ile ya ng'ombe, na haikufika jioni. Hizi zingine zote nilikuwa nimekasirikia modemu. Nilisema mbele ya watu sitaketi hapa. Leo nimeketi. Kendi, njoo nyumbani."

Aliituma. Modemu ikapiga kelele zake, naye akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakiacha hapo mpaka ilipotulia.

"Bado nakataa hiki kitu," akaniambia bila kugeuka. "Usimwambie Njeru nimekubali."

"Sitamwambia."

"Inafika saa ngapi?"

"Imeshafika, Mwalimu. Lakini saa hizi yuko kazini. Atasoma akitoka. Njoo ukae hapa tunywe chai, imeshachemka."

"Nitangoja."

"Hata kesho asubuhi inaweza kuwa ndiyo atajibu."

"Nitangoja hapa," akasema, na akasogeza kiti karibu zaidi na meza.

Mama Kendi alinong'ona kwamba chai haina sukari, sukari iko kabatini. Nilidhani Mwalimu hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye skrini isiyoonyesha kitu. Kisha mkono wake ukashuka kwenye mshipi, ukahangaika na kipete cha ufunguo, ukautoa, ukaninyooshea kwa nyuma.

"Jitilieni," akasema.

Nilifungua kabati mwenyewe. Nikamtilia Mama Kendi sukari kama alivyopenda, nikajitilia mimi nilivyotaka, na kikombe chake nikakiweka karibu na kibodi, pale ambapo mkono wake ungekifikia bila yeye kuinuka.